Akaunti moja, nyumba moja

Wandugu, dada zetu, leo tuongee juu ya michezo ya intaneti. Musicheke.

Katika Final Fantasy XIV viwanja vya nyumba ni 60 kwa kila mtaa, na tangu 2022 vingi vinapatikana kwa tombola. Akaunti moja haipati zaidi ya nyumba moja binafsi katika kila seva. Hiyo sheria mimi naikubali. Bila hiyo, mwenye pesa angekamata mtaa mzima, na mambo hayo tunayajua tayari hapa mjini.

Shida iko kwetu, tunaotumia akaunti moja nyumba nzima. Mchezo unahesabu akaunti, hauhesabu watu. Mdogo wako atacheza na mhusika wake kila siku, lakini mhusika mwenye nyumba asipoingia humo siku 45, inabomolewa. Jasho ya wote imeenda.

Steam Families ni afadhali: watu 6 wa nyumba moja, kila mtu na akaunti yake. Lakini binamu akidanganya ndani ya mchezo wako na akafungiwa, wewe pia unafungiwa. Na akitoka, nafasi yake inakaa mwaka 1 bila mtu. Basi, mbele ya kuchanga pesa, muulizane: nani anaingia, na jina la nani liko kwenye akaunti?