Hukumu Haihalalishi Dhulma

Ndugu zetu katika imani, hapa Tabora tunazijua nyumba za mirathi zilizokaa bila kugawanywa hata zikafikia wajukuu. Mmoja hujiandikisha peke yake, kisha humshitaki shangazi yake katika Baraza la Ardhi na Nyumba, akamtoa. Husema: "Baraza limenipa." Katika Hadithi ya Bibi Ummu Salama, waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amebainisha kwamba huhukumu kwa anayoyasikia, basi apewaye haki ya nduguye kwa ufasaha wa hoja, amekatiwa kipande cha Moto. Ikiwa hukumu ya Mtume haigeuzi haramu kuwa halali, seuze ya baraza? Shangazi naye asinyamaze: ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, nayo ipo hapa hapa Tabora. Lakini kijana ajuaye alivyoshinda, asingoje rufaa. Na arudishe ufunguo.