Tuisafishe Picha Kabla ya Kuulaumu Mto

(Hotuba ya mgeni rasmi, kufunga mafunzo ya wataalamu wa maji, Ngara)



Hotuba niliyoandikiwa ni nzuri, mtagawiwa nakala. Lakini risala yenu, wahitimu, imenigusa, kwa hiyo naomba nizungumzie jambo moja tu: hewa iliyo kati ya setilaiti na maji.

Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hutupigia picha kila baada ya siku 5, tena bure. Lakini maji hurudisha mwanga kidogo sana. Mara nyingi kama asilimia 90 ya mwanga unaopimwa kule juu umetawanywa na hewa, vumbi na moshi. Ni sawa na dereva anayetoka Lusahunga kwenda Rusumo na kioo kichafu: ataona ukungu usiokuwepo. Kiangazi tunachoma mapori, moshi unaingia pichani, kisha tunaandika kwamba mto umechafuka!

Upo na mtego wa pili. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya bahari husema maji humeza karibu mwanga wote wa infraredi ya karibu. Kinachoonekana hapo ni hewa, kwa hiyo kitoe. Pale Rusumo, mto Ruvubu unapokutana na mto Kagera, kanuni hiyo inakwama, kwa sababu tope nalo hurudisha mwanga huo. Unafuta tope ukidhani ni hewa, na mto mchafu unatoka msafi. Kwenye maji ya namna hii tumieni infraredi ya mawimbi marefu zaidi, ambayo maji huimeza hata yakiwa na tope.

Nalisisitiza hili kwa sababu Kagera si yetu peke yetu. Magugu maji yaliingia Ziwa Victoria kwa mto huu. Tukiwapelekea majirani zetu wa Rwanda na Burundi vipimo vya moshi tukiviita vipimo vya maji, hawatatusikiliza siku tutakapokuwa na hoja ya kweli.

Sasa niwagombeze kidogo, wanangu. Kompyuta nimeziona kwenye kila meza; sahani nyeupe ya kupimia uangavu wa maji sijaiona! Padri Angelo Secchi aliitumia Italia mwaka 1865, na haili bando. Siku setilaiti inapopita, shukeni mtoni mkapime. Picha isiyolinganishwa na maji yenyewe msiiamini.

Ombi lenu la boti na vipima mwanga nimelipokea. Nitalifikisha panapohusika, na bajeti ikiruhusu, tutaona namna ya kulitekeleza kwa awamu. Mmefanya kazi kubwa, na wilaya za Ngara na Biharamulo zinajivunia ninyi.

Baada ya kusema hayo, natamka kuwa mafunzo haya yamefungwa rasmi.