Kabla ya Kununua, Tuulize Spea



Wapendwa wanavikundi, akina mama wa kikundi kimoja walituuliza: "Tunataka pampu ya maji. Tuchukue ile yenye nguvu zaidi, ama ile ambayo kila mtu anayo?" Swali hili si dogo, maana pesa ni za jasho. Hebu tulijibu kwa habari ya makampuni makubwa na kompyuta zao.

Miaka ya 1980 makampuni yalitaka kuunganisha kompyuta zao kwa waya ili zipashane habari. Njia moja iliitwa Ethernet, iliyoanza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox kule Marekani. Nyingine, Token Ring, IBM ilianza kuiuza mwaka 1985.

Token Ring ilikwenda kama merry-go-round yetu: kila kompyuta hungoja zamu yake, ndipo iseme. Ethernet ilikuwa kama mkutano usio na mwenyekiti. Kompyuta husikiliza kwanza kama kuna kimya. Mbili zikisema pamoja, zote hunyamaza, zikangoja kidogo, halafu zikajaribu tena. Kufikia mwaka 1989 Token Ring ilikuwa na mwendo wa megabiti 16 kwa sekunde, Ethernet 10. Ungedhani Token Ring itashinda, si ndiyo?

Haikushinda. Mwaka 1980 Xerox, Intel na DEC walikuwa wamechapisha maelezo ya Ethernet ili watengenezaji wengine nao waitumie. Wakatokea wengi, wakashindana, bei ikashuka. Vifaa vya Token Ring vilibaki ghali, na IBM ndiyo iliyotawala soko lake. Mwaka 1990 ikatoka Ethernet ya kupita kwenye waya kama ule wa simu. Mwaka 1995 ikafika megabiti 100. Makampuni yakaona heri kufuata penye wauzaji wengi.

Hatusemi tufuate umati tu. Kitu kibovu ni kibovu hata kikinunuliwa na kijiji kizima. Lakini tunajua kikundi ambacho pampu yao nzuri imelala stoo kwa kukosa spea moja tu. Nyanya zilikauka, na mkopo bado wanalipa.

Basi, kabla mweka hazina hajatoa pesa, tuulize: Spea zinauzwa maduka mangapi? Mafundi wa karibu wanaijua? Muuzaji akifunga duka, tutakwenda wapi?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.