Matembezi ya Jioni

Wazee walituachia methali isemayo, "Mtembezi hula miguu yake." Maana yake twaijua sote: mtu azungukaye ovyo, asiye na haja wala safari, hapati kitu ila uchovu. Methali hii tumeisikia mara nyingi, wala si vitabuni. Twaisikia barazani tunapopita, nayo husemwa kwa sauti ya kutosha ili isitupite masikio. Leo twapenda kuijibu, tena kwa heshima, maana walioisema ni wakubwa zetu, na wawili katika wao sasa ni wenzetu wa njiani.

Sisi tunaosema nanyi ni watu wa Tanga, wakaao Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa hesabu: ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Kila siku saa kumi na moja jioni, jua lipunguzapo ukali wake, twakutana penye kona, twavuka reli, twapita mjini polepole hata bustani ya Jamhuri iliyo juu ya bandari. Hapo twasimama kitambo, twapunga upepo, twakitazama kisiwa cha Toten kilivyolala katikati ya maji, kisha twarudi kabla ya Magharibi. Kwenda na kurudi ni karibu kilomita 3. Hatuna chama, hatuna mwenyekiti, hatutoi ada wala hatuvai sare. Kwa kawaida tu watu tisa. Siku nyingine hupata kumi na wanne, na siku za mvua huwa wawili.

Jambo hili lilianza kwa msiba. Fundi cherehani mmoja, jirani yetu, alifiwa na mkewe waliyekaa pamoja zaidi ya miaka thelathini. Watu walikuja matangani, wakala, wakalia, wakaenda zao kama ilivyo ada ya dunia. Fundi akabaki barazani kwake. Cherehani aliifunika kitambaa. Aliyempa salamu alijibiwa, asiyempa hakuulizwa kitu. Baada ya miezi akaonekana ana ugonjwa wa sukari, na daktari akamwambia atumie dawa, apunguze vyakula vya sukari na wanga, na atembee kila siku. Fundi akamwuliza, "Nitembee kwenda wapi?"

Twaomba mlifikiri swali hilo, maana hakulisema kwa ubishi. Mtu aliyezoea maisha yake yote kutoka nyumbani kwa sababu, kwenda sokoni, kwenda kazini, kwenda kumjulia mtu hali, akiambiwa atoke bila sababu huona haya. Miguu haikuwa na kasoro. Alikosa mahali pa kwenda, na mtu wa kumwambia, "Twende."

Basi mtu huyo alipatikana. Ni mwalimu mstaafu, jirani wa nyumba ya tatu, naye ni mtu wa hila njema. Alifika jioni moja akasema, "Fundi, twende bandarini tukaone kama meli imeingia." Fundi akauliza, "Meli gani?" Mwalimu akajibu, "Ndiyo hiyo twende tukaione." Wakaenda. Meli hawakuiona. Wakatazama maji, wakanunua machungwa mawili ya Muheza, wakarudi. Kesho yake mwalimu akaja tena, na neno lake ni lile lile la meli. Siku ya nne Fundi alikuwa amekwisha vaa viatu kabla hajaitwa. Baada ya hapo mmoja mmoja tukaongezeka: mpaka rangi, mabibi watatu wa barabara ya nane, kijana wa duka la baiskeli, na wengine ambao hatukuwajua hata kwa jina, ingawa tulikaa nao mtaa mmoja miaka mingi.

Wasomi nao wameitazama habari hii ya kutembea, na twaona vema kuwapa kidogo katika waliyoyapata. Katika mji wa London alikuwako daktari aliyeitwa Jerry Morris. Baada ya Vita Kuu ya Pili alitaka kujua sababu ya ugonjwa wa moyo kuzidi kwa wanaume wa Uingereza, akaangalia mabasi ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva alikaa kitini kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, na ngazi zake zilifika 500 hadi 750 kwa siku. Morris na wenzake walipitia habari za wafanyakazi karibu 31,000, na mwaka 1953 wakachapisha waliyoyaona: makondakta walipatwa na ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva. Kadhalika matarishi wa posta, wapelekao barua kwa miguu na kwa baiskeli, walikuwa na nafuu kuliko makarani waliokaa mezani.

Watu wenye akili wakauliza swali la haki: Je, haiwezi kuwa watu wanene ndio waliopendelea udereva tangu mwanzo? Morris na wenzake hawakulipuuza swali hilo. Waliangalia vipimo vya sare walizopewa watu wa mabasi, wakaona kweli viuno vya suruali za madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta, hata kwa vijana, wakaandika hivyo mwaka 1956. Kwa hiyo kitini hakikuwa na lawama yote. Uchunguzi zaidi ulihitajiwa, nao ukafanywa kwa miaka mingi. Fundi wetu aliposikia hadithi hii alifurahi mno, akasema kumbe elimu ya wadaktari nayo hupitia kwa fundi cherehani. Tena akaongeza, "Mtu hudanganya, suruali haidanganyi." Morris mwenyewe alizaliwa mwaka 1910 akafa mwaka 2009.

Kuna hesabu nyingine ambayo vijana wetu hupenda kuitaja, ile ya hatua 10,000 kwa siku. Hesabu hiyo haikutoka hospitalini. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilitoa chombo cha kuhesabu hatua, na jina lake maana yake ni kipimo cha hatua elfu kumi. Ni jina la biashara, nalo lilinoga, likaenea ulimwenguni. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wanawake zaidi ya 16,000, ambao umri wao wa wastani ulikuwa miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikufa kwa uchache kuliko waliotembea hatua 2,700. Faida ilizidi kadiri hatua zilivyozidi, hata zilipofika kama 7,500, hapo ikasimama. Tusisahau, hata hivyo, kwamba mgonjwa hutembea kidogo kwa sababu ya ugonjwa wake, na hivyo hesabu kama hii yataka kusomwa kwa uangalifu.

Wanafunzi wanaotusikiliza na washike kalamu. Hatua ya mtu wa makamo asiye na haraka ikiwa sentimita 65, kilomita 3 zina hatua ngapi? Mtapata karibu 4,600. Basi yule bibi wa barabara ya nane aendaye nasi bandarini na mkongojo wake, pamoja na hatua zake za jikoni, amekwisha pata sehemu njema, bila kununua chombo chochote. Shirika la Afya Duniani nalo, katika maongozi yake ya mwaka 2020, lawashauri watu wazima wautumikishe mwili kwa kadiri, dakika 150 hadi 300 kwa juma. Nusu saa kwa siku tano ni dakika 150 kamili.

Twajua kwamba mkulima akisikia maneno haya aweza kucheka. Atasema: "Mimi naenda shambani alfajiri, jembe begani, narudi na mzigo wa kuni, mke wangu ateka maji bondeni mara tatu, na ninyi mwatufundisha kutembea?" Ana haki. Mwenye kulima hana deni la hatua kwa daktari yeyote. Lakini twamwuliza neno moja: njiani huenda na nani? Aghalabu kila mtu hutoka kwa wakati wake na kurudi kwa wakati wake, naye jirani hupita njia ile ile nusu saa nyuma yake, peke yake. Kungojana penye njia panda hakuongezi kilomita hata moja. Sisi tuliokaa mjini tulitembea kwa maradhi, tukapata watu. Ninyi wa shamba miguu mnayo tayari.

Sasa yatupasa kusema kosa letu, maana tumesifu mno.

Mwaka jana walijiunga nasi vijana wanne, wenye afya na bashasha, na simu zao zilihesabu hatua. Mwanzoni tulifurahi. Kisha wakaanza kuonyeshana hesabu zao bandarini, na aliyepata kidogo akataniwa. Mwendo ukaongezeka. Mpaka rangi naye akaingiwa na mashindano, na hata mwalimu, ambaye ni mtu mzima wa kutosha kujua, akawa anatembea mikono ikirushwa kama askari wa gwaride. Kundi likawa mawili, la mbele na la nyuma. Kisha la nyuma likawa mtu mmoja, yaani bibi yule wa mkongojo.

Bibi hakulalamika. Siku kadhaa alituona tukirudi kabla yeye hajafika relini, tukampa salamu, "Shikamoo, Bibi," naye akajibu, "Marahaba, wanangu," akageuka, akarudi nyuma yetu. Baadaye hakuja. Siku ya kwanza hakuna aliyeona. Siku ya pili mmoja alisema labda ana wageni. Siku ya tatu mvua ilinyesha, nasi tukapata udhuru. Siku ya nne, mwenzake wa barabara ya nane alipita asubuhi kununua vitumbua ambavyo Bibi huvikaanga kila siku, akakuta jiko halikuwashwa. Aliingia ndani akamkuta kitandani ana homa kali, na mjukuu wa miaka saba ndiye aliyekuwa akimpa maji. Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Ilikuwa malaria, akatibiwa, akapona, ijapokuwa alibaki dhaifu majuma mengi.

Tulipokwenda kumtazama tulijaa uwanja mzima, na kila mmoja wetu ana chungwa au sukari mkononi, kama watu wanaolipa faini. Mwalimu akamwambia, "Bibi, mbona hukutuma mtoto atuite?" Bibi akatutazama mmoja mmoja, akasema bila hasira, "Nilijua mko mbele sana, hamtasikia."

Hatukuwa na jibu. Tuliondoka tukarudi majumbani, na jioni ile hatukutembea. Tulikaa kwenye baraza ya Fundi tukasemezana mpaka usiku. Wengine walitaka tuweke sheria nyingi na kitabu cha mahudhurio. Fundi ndiye aliyekata shauri. Alisema mambo mawili tu: Bibi atatangulia, wala mtu asimpite, na asiyeonekana penye kona, agongewe mlango jioni ile ile, kabla hatujavuka reli. Vijana walikubali. Mbio zao sasa huzifanya alfajiri, wenyewe, na hesabu zao ni kubwa kuliko zamani. Jioni huja kwa mwendo wetu, na simu zikiwa mifukoni.

Mwendo wa Bibi ni wa polepole sana, nao umetupa mambo ambayo hatukuyaona tulipokimbilia hesabu. Twaona nani amepaka chokaa nyumba yake, mtoto wa nani ameanza kusimama dede, embe za nani zimeiva na ukuta wa nani una ufa. Muuza kahawa wa penye reli ametuzoea, akituona hugonga vikombe vyake. Wale wazee wa barazani waliotusomea methali, walipoona tunapita polepole namna ile, walipata nafasi ya kutuuliza habari. Na kuuliza kukaleta kusimama, na kusimama kukawatoa wawili barazani hata leo. Kugongewa milango nako kumekuwa desturi. Mara nyingi mtu hukutwa ana wageni tu, au amelala, naye hulalamika kwamba tumemwamsha. Lakini tumeona kwamba alalamikaye sana kwa kuamshwa ndiye wa kwanza penye kona kesho yake.

Fundi sasa ameifunua cherehani yake. Hatusemi kwamba huzuni imemtoka, maana hatuujui moyo wa mtu. Twasema tu kwamba anashona, na kwamba daktari ameiona sukari yake kuwa afadhali kuliko ilivyokuwa. Juma lililopita alisikia habari za bwana mmoja wa barabara ya kumi na mbili, aliyefiwa na mkewe mwezi wa mfungo, asiyetoka nyumbani. Alikwenda peke yake, akapiga hodi. Yule bwana akamkaribisha, wakakaa kimya kitambo kirefu, kisha Fundi akamwambia ainuke watembee.

"Twende wapi?" akauliza yule bwana.

"Bandarini," akasema Fundi. "Nasikia kuna meli."