Mto Tana: Mafuriko Yanayokuja Jua Likiwaka

Nakala ya mazungumzo kwa baraza la wakazi wa Garissa

Nitaanza na swali linaloulizwa kila msimu: mbona mto unafurika ilhali hapa hatujaona hata tone la mvua?

Jibu liko mbali. Tana, mto mrefu kuliko yote nchini Kenya, huanzia milima ya Aberdare na Mlima Kenya. Hufika kwetu, kisha huelekea kusini kupitia Hola na Garsen hadi Bahari ya Hindi, karibu na Kipini. Mvua yetu ni haba. Karibu maji yote yanayopita chini ya daraja letu yalinyesha huko juu, siku kadhaa kabla.

Huko juu kuna mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. La kwanza, Kindaruma, lilianza kazi mwaka 1968; Masinga, lililo kubwa zaidi, mwaka 1981. Mabwawa haya hupunguza nguvu ya mafuriko yakiwa na nafasi. Yakijaa, maji ya ziada humwagika na kuja kwetu. Tena, mito kama Mutonga na Kathita, inayotoka Mlima Kenya, huingia Tana chini ya mabwawa yote. Maji yake hayazuiwi na yeyote.

Historia inathibitisha hayo. Mafuriko makubwa ya 1961 yalitokea kabla ya mabwawa hayo kujengwa. Lakini yale ya El Niño ya 1997 na 1998, na ya 2018, yalikuja mabwawa yakiwepo. Mwaka 2023, na tena 2024, maji yalikata barabara ya Nairobi upande wa Madogo.

Hatusemi mto ni adui. Unatupa maji ya kunywa, unanywesha mifugo, na udongo unaoletwa na mafuriko ndio unaorutubisha mashamba yetu ya maembe na ndizi. Tunachosema ni hiki: usitazame mawingu ya Garissa, sikiliza habari za milimani.

Kwa hivyo, wakati wa masika, Machi hadi Mei, na wa vuli, Oktoba hadi Desemba, fuatilia matangazo ya hali ya hewa na ya mabwawa. Tangazo likitoka, ondoa pampu na mifugo kwenye kingo siku hiyo hiyo. Weka vitambulisho na vyeti mahali pakavu. Wahamishe mapema watoto, wazee na wagonjwa. Usivuke maji yanayopita juu ya barabara, kwa miguu wala kwa gari, na usipande mashua iliyojaa kupita kiasi. Asiye na redio aambiwe na jirani yake.

Pampu hununuliwa tena, na shamba hulimwa tena. Uhai haurudi.