KAWIA UFIKE
Mazungumzo juu ya kuendesha lori wakati wa mvua

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama mkutanoni Kibugu. Tunayachapa kwa ajili ya ndugu ambao hawakuweza kufika.)



Hapa Kibugu theluji tunaitazama tu kule juu ya Mlima Kenya, haishuki barabarani. Lakini tuna mvua ya masika tangu Machi hadi Mei, na ya vuli tangu Oktoba hadi Desemba. Juni hadi Agosti tuna baridi na ukungu. Basi karibu miezi 9 ya mwaka dereva wa lori la majani ya chai yumo hatarini.

Njia zetu mnazijua. Zinateremka mpaka mtoni, zinavuka daraja jembamba, kisha zinapanda tena. Udongo wetu mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni. Hata lami si ya kuaminiwa: mvua ya kwanza baada ya kiangazi huchanganyika na vumbi na mafuta, na gari huteleza.

Kwa hiyo twawakumbusha haya:

1. Kabla ya kuondoka, tazama mipira, breki, taa na waipa. Usimwachie mwingine kazi hiyo.

2. Punguza mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, breki huhitaji nafasi mara 4 ili kusimamisha gari. Njia ikilowa, nafasi hiyo huzidi tena.

3. Mteremkoni tumia gia nzito tangu juu, kabla lori halijashika kasi. Usitoe gia ili kuokoa mafuta. Wala usikanyage breki kwa ghafula.

4. Penye ukungu washa taa za chini. Taa kali hurudisha mwanga machoni mwako mwenyewe.

5. Maji yakifunika daraja, simama. Tukumbuke tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu, huko Kitui, ng'ambo ya Tana. Basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia majini, na watu zaidi ya 30 walikufa.

6. Usipakie watu juu ya majani. Lori likipinduka hawana pa kushika.

Lakini ndugu zetu, tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu tu. Mpira uliokwisha meno si kosa la dereva. Tunamjua mwenzetu aliyesema asubuhi kwamba mipira imekwisha, akajibiwa kwamba majani hayangoji. Jioni lori lilikuwa mtaroni na taniboi wake amevunjika mguu. Aliyeulizwa ni dereva. Maneno aliyosema asubuhi hayakuandikwa popote, na hakuna aliyekubali kwamba aliyasikia.

Ni kweli majani yaliyochumwa hupata joto ndani ya magunia na kuharibika. Twaijua kazi yetu. Lakini sheria nayo ipo. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 chamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake aonapo hatari kubwa. Na mpaka tajiri aiondoe hatari hiyo, hana ruhusa ya kumtaka mfanyakazi arudi penye hatari.

Basi tumekubaliana hivi. Dereva akiona ubovu, auandike kitabuni kabla ya safari: tarehe, nambari ya gari na jambo lenyewe. Msimamizi atie sahihi. Akikataa, taniboi awe shahidi, na mwakilishi wa chama aarifiwe siku ile ile. Mtu mmoja akikataa kutoka huitwa mvivu. Tukisimama pamoja, na maneno yetu yamo kitabuni, tutasikilizwa.

Majani ya leo yakiharibika, mchai utachipua mengine. Dereva akifa, nyumbani kwake hakichipui kitu.

Kawieni, mfike.