Sisi wapiga ngoma wa siku ya posho

(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Kambove)

 

Mkutano uliopita mama mmoja aliuliza swali na hakuna aliyemjibu vizuri. Alisema: "Feza ya chama ni ya magonjwa, ya kilio, ya masomo ya batoto. Sasa mbona ku karatasi ya matumizi tunaona 'ngozi ya ngoma', tunaona 'pedali'? Chama ni cha kusaidiana ao ni cha kucheza?" Watu walicheka. Yeye hakucheka. Swali lake ni la haki, na kwa sababu kamati inataka leo mpige kura juu ya matumizi hayo, tumekuja kujibu sisi wenyewe tunaopiga.

Kwanza mjue ni nani anayesema. Tuko watu watano, na hakuna hata mmoja anayeishi kwa ngoma. Mmoja ni mwalimu, mmoja anabeba watu kwa pikipiki, wawili wako ku mashimo wanachimba, na huyu anayewasomea anazunguka vijijini kwa kazi ya shirika. Asubuhi kila mtu ako kwake. Ngoma ni ya jioni, na zaidi ni ya siku ya posho. Wafadhili wetu waelewe: hapa Katanga, Jumamosi wengi tunaiita siku ya posho, tangu wakati wa Union Minière, juu ilikuwa siku ya mfanyakazi kupokea chakula chake cha juma. Posho ilikwisha zamani, jina limebaki. Na sherehe nazo zimebaki siku ile ile: ndoa, ubatizo, kumaliza kilio, nganda kujaa.

Watu wengi wanafikiri mpiga ngoma anafika, anaketi, anapiga, anakunywa, anarudi. Tunajua mnasema vile, maana tunasikia. Tuwaeleze basi kazi yenyewe, na tunasema habari ya ngoma za kizungu, zile wengine wanaita bateri (mwenzetu wa pikipiki anapenda kusema kwamba ako na bateri mbili na zote zimekufa).

Ngoma hizi ziko moja tu kwa watu watano. Kwa hiyo mazoezi mengi hatufanyi ku ngoma. Tunafanya nyumbani, ku kipande cha mupira wa gari kilichofungwa juu ya kiti, na vijiti ambavyo seremala alituchongea. Kijiti cha seremala kinavunjika upesi kuliko cha dukani, lakini tunaweza kununua vinne kwa bei ya kimoja. Simu inawekwa pembeni na programu ya kugonga saa: tik, tik, tik. Unaanza polepole sana, mpaka mtoto wa jirani anachoka kukuangalia. Mkono wa kuume, mkono wa kushoto, kuume, kushoto, nusu saa nzima bila kubadilisha mwendo. Hakuna utamu wowote. Lakini orkestra haimtaki mtu wa kupiga kwa nguvu. Inataka mtu wa kutunza mwendo. Gitaa likikosea noti moja, wachezaji hawajui. Ngoma ikikimbia kidogo, miguu yote uwanjani inajua.

Kwa wenzetu wawili wa mashimo kazi ni ngumu zaidi. Mkono ulioshika nyundo mchana kutwa unataka kukamata kijiti vilevile kama nyundo. Kijiti kinataka kulegezwa, kiruke chenyewe juu ya ngozi, wewe unakiongoza tu. Mmoja wao anaweka mikono mu maji ya moto kila jioni kabla ya kuanza, vidole vifunguke. Anasema ile njo sala yake.

Kuna faida moja ambayo wapiga gitaa wanatuonea wivu: umeme ukikatika sisi tunaendelea. Mara nyingi mazoezi ya orkestra yanaanza na watu saba na yanakwisha na ngoma na sauti peke yake, mu giza, mshumaa juu ya ndoo. Tunaamini waimbaji wetu walijifunza kuimba sawasawa katika giza lile, sababu hawakuwa na kipaza sauti cha kujifichia.

Vijana wengine wanatuambia ngoma hizi si za kwetu, ni za Kinshasa. Hapana. Nchi hii ya Katanga ilikuwa na mapigo yake hata wakati hakukuwa na ngoma ya kununua. Jean-Bosco Mwenda, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey hapa karibu, Likasi, mwaka 1952, wakati mji ulikuwa unaitwa Jadotville. Alikuwa na gitaa moja tu, na mapigo yote yalikuwa mu vidole vyake. Sikilizeni sahani za gitaa za Katanga za miaka ile: mara nyingi nyuma ya gitaa kuna mtu anagonga chupa, ting-ting, ting-ting, kwa kitu cha chuma. Yule wa chupa njo babu yetu. Jina lake mara nyingi halikuandikwa ku sahani. Hata leo ku tangazo la sherehe jina la mwimbaji liko juu, la mpiga solo linafuata, la mpiga ngoma utalitafuta.

Toka Kinshasa tulipokea kavasha, kweli, na hatuna haya. Zaïko Langa Langa ilianza mwisho wa mwaka 1969, na mpiga ngoma wake Meridjo Belobi njo alifanya pigo lile lijulikane Afrika nzima, mpaka Kenya na Tanzania. Inasemwa kwamba walilichukua mu mlio wa treni. Sisi watu wa Kambove tunaamini bila taabu, maana mtoto aliyekulia karibu na reli ya madini anaijua kavasha kabla ya kujua jina lake. Kuipiga dakika tatu ni rahisi. Sebene ya ndoa inaweza kwenda dakika kumi na tano, na bwana harusi akianza kutupiwa franga hakuna anayekuruhusu kusimama. Pale ndipo nusu saa za mupira wa gari zinalipa.

Sasa tuje ku jambo lenyewe, maana mama hakuuliza habari ya kavasha.

Chama hiki ni cha watu waliorudi, na tulirudi kwa njia mbili. Wako waliotoka Zambia, kambi za Meheba, Kala na Mwange. Kala na Mwange zilifungwa mwaka 2010, na watu wakaulizwa wanaenda wapi, hali hawakuwa tena na kwao. Wako pia waliotoka Kasai. Wengi wao walizaliwa hapa, hata wazazi wao walizaliwa hapa, wakafukuzwa mwaka 1992 na 1993. Bakubwa wanakumbuka kituo cha treni cha Likasi wakati ule: familia zilizolala pale miezi zikingoja treni, na waliokufa wakingoja. Kisha, kidogo kidogo, wengine wakarudi, kwa sababu Kasai waliitwa wageni kama walivyoitwa wageni huku.

Watu wa namna hii, ukiwaweka mu chama kimoja, wanalipa mchango wao, wanasaini daftari, wanaketi. Lakini wanaketi kila mtu na wake. Tunaofanya kazi mashinani tumeona vyama vingi vyenye katiba nzuri vikikufa mu benchi zile.

Mwaka uliopita mzee wetu mmoja, mtu wa Kasai, alifariki. Tulikwenda kupiga ku kilio chake. Zamu ilikuwa ya mwenzetu aliyekulia Meheba. Yeye mkono wake ni wa kalindula, ile ya Zambia, mwendo wake alijifunza akiwa mtoto ku ndoo za plastiki. Mutuashi alikuwa anaisikia tu ku redio. Alianza kupiga alichojua, na bamama wa Kasai wakabaki wameketi. Hapo mjane mwenyewe akasimama. Hakusema neno. Akaanza kupiga makofi, akamwangalia kijana, akapiga tena polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Kijana akaacha vijiti, akaingia na mikono ku ngoma ya chini. Mara ya kwanza hapana. Mara ya pili hapana. Mara ya tatu mama mmoja akatoa sauti, kisha wengine wakasimama, na wale wa upande wetu wa Katanga na wa Zambia wakasimama nao, sababu mtu hawezi kuketi mbele ya kitu kile.

Hatusemi kwamba ngoma ilimaliza maneno ya 1993. Haikumaliza. Lakini juma lililofuata mjane alikuja ku mazoezi na mtungi wa munkoyo, akamwambia kijana mkono wake wa kushoto ungali mvivu. Na tangu siku ile kijana anamwita mama, na njo yeye alimpeleka hospitali kwa pikipiki alipougua mwezi wa pili, usiku, bila kuuliza nani atalipa mafuta. Mhasibu wetu hana mstari wa kuandika kitu kama hicho, tunamhurumia.

Sasa feza, maana hapa ndipo mama alipogusa. Kwa kilio cha mwanachama hatujawahi kulipwa, na hatutaki kulipwa. Lakini ngoma haziendi kwa miguu. Kila mara tunakodi mkokoteni ao pikipiki mbili, na mara nyingi mwenye kukodi ni mpiga ngoma, kwa mfuko wake. Ngozi ya plastiki ikipasuka tunaibandika na utepe, na ikibandikwa mara tatu inalia kama katoni. Springi ya pedali tuliitoa ku kinga ya zamani. Mu ndoa mambo ni mabaya zaidi: tunaelewana bei na familia, tunapiga mpaka saa nane ya usiku, kisha tunaambiwa, "Bandugu, tuko bote ba chama kimoja," na tunapewa bukari na bia. Bukari ni nzuri. Mwalimu wetu ako na batoto wane.

Tunaomba hivi. Kilio cha mwanachama kibaki bure, lakini familia ao sanduku la chama lilipe usafiri wa ngoma, basi. Ndoa na sherehe zingine ziwe na bei, itangazwe hapa mbele ya wote, nusu ilipwe kabla ya siku yenyewe, hata kama baba wa bibi harusi ni mjumbe wa kamati (tunajua mnacheka, na mnajua kwa nini mnacheka). Ku kila sherehe ya kulipwa, robo inaingia mu sanduku la chama. Ngozi na pedali zinunuliwe mu robo ile, na ikibaki kitu kiende ku magonjwa. Kwa njia hiyo mama hataona tena pedali ikila feza ya dawa. Ikiwezekana ataona pedali ikileta feza ya dawa, lakini hilo hatuahidi; miezi ya masika sherehe ni chache na ngozi zinaumia na unyevu.

Kwa wafadhili wetu tunasema neno moja kwa heshima. Rafiki mmoja aliahidi kututumia ngoma za umeme, mpya kabisa. Tulimshukuru, tukamwomba asitume. Mnajua umeme wetu. Kitu tunachokosa ni kidogo na hakipendezi mu picha: ngozi za saizi tatu, vijiti, na pamba ya masikio kwa wanaopiga mbele ya vipaza sauti. Na kama mnaweza kulipa mtu wa kufundisha, mlipeni mpiga ngoma wa Likasi, kilometa kama 25 toka hapa, aje siku moja kwa mwezi. Hapana kuleta mtu wa mbali kwa siku mbili.

Kuna wanaosema pia kwamba kijana akiwa ku ngoma atapotea ku nganda. Wengine wamepotea, hatukatai, tunawajua kwa majina. Lakini wengi zaidi tumewaona wakipotea ku mashimo, na ku mashimo hakuna anayerudi nyumbani mapema juu kesho ako na mazoezi. Wakati Gécamines iliachisha zaidi ya watu 10,000 toka mwaka 2003, baba wa wenzetu wawili walikuwa mu hesabu ile. Watoto wale hawakuchagua kati ya shule na ngoma. Walichagua kati ya shimo na shimo pamoja na ngoma.

Kura ni yenu. Mkikataa, tutaendelea kuja ku kilio chenu, kwa mkokoteni wetu, na ngozi ya katoni. Mazoezi ni siku ya posho saa kumi, nyuma ya kanisa, na mama aliyeuliza swali tumemwekea kiti. Halafu mwenye kinga ya zamani pale nyumbani asiitupe kabla hatujaangalia springi yake.